Sateni ya Kijivu

Picha yenyewe ni ndogo kuliko kiganja. Kukhu, bibi yangu, ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, uso umegeuka kidogo kuelekea mwanga unakotoka. Begani mwake kuna vidole vinne vya mtu ambaye mwili wake ulikatwa kwa makasi zamani. Nyumbani Namboboto kila mtu anajua ni nani na hakuna anayemtaja. Mkunjo wa karatasi umepita shingoni kama mkufu asioutaka. Pembeni kumeota madoa ya kahawia, kazi ya unyevu wa sanduku la bati. Picha nyingine hakuna. Mwanamke aliyezaa watoto tisa na kulima mtama na mihogo mpaka mgongo ukamgomea, amebaki na karatasi hii moja tu.

Familia ilipokubaliana kumfanyia ibada ya ukumbusho, mimi nilikabidhiwa kazi ya kutafuta picha kubwa. Studio ya kwanza niliyokwenda, ambayo jina lake nitalimeza, ilinirudishia mwanamke nisiyemjua. Uso ulikuwa umelainishwa ukawa kama sufuria mpya. Mikunjo ya kando ya mdomo ilikuwa imefutwa, ngozi imevutwa kuelekea weupe, na nyuma yake, kwa hisani ya studio, palisimama mlima wenye theluji. Kukhu hakuwahi kwenda mbali kuliko Kisumu. Shangazi aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa adabu yote, kisha akaniuliza, “Huyu ni mgeni wa nani?”

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja mjini Busia. Nilipanda matatu pale Funyula, nikamalizia kwa boda boda, usafiri uliopata jina lake hapa hapa mpakani, enzi ambazo baiskeli zilikuwa zikivusha watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Duka lake limebanwa kati ya muuza laini za simu na mama wa chapati. Ndani mna kompyuta, skana, printa mbili, na ukutani soksi ndefu ya kike ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya. Nilidhani ni chujio la chai.

“Hiyo ndiyo iliyonilipia karo ya watoto,” akasema, nami sikuelewa mpaka jioni.

Alijifunza kusafisha picha gizani Kampala akiwa kijana, miaka ambayo picha nyeusi na nyeupe ilikuwa bado ndiyo picha, na ya rangi ilikuwa anasa ya harusi. Alipoona kazi ya ile studio ya kwanza hakucheka. Aliisogeza kando kwa ncha ya kidole, akaitwaa ile ndogo, akaipeleka mlangoni. Aliiinamisha mbele, akaiinamisha nyuma, akaitazama kwa upande kama mtu anayekagua ubao uliopigwa randa. Ilichukua dakika kadhaa. Malori yalikuwa yakinguruma kuelekea mpakani na yeye hana habari nayo.

“Omwana wefwe,” akasema hatimaye, “unataka awe laini au unataka awe sateni?”

Nilikuwa sijui kwamba hayo ni mambo mawili.

Sateni si uzi, ni namna ya kufuma. Kwenye kitambaa cha kawaida uzi hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja. Kwenye sateni hupita juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini ya mmoja. Kwa sababu uzi umelala muda mrefu juu, mwanga hauvunjikivunjiki, unateleza. Kitambaa haking'ai kama kioo wala hakififii kama gunia. Jina hilo wengi hulirudisha kwenye bandari ya Uchina ambayo Waarabu waliiita Zaitun, Quanzhou ya leo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko baadaye na akataja vitambaa vilivyoitwa kwa jina la mji ule. Nalileta hili kwa sababu fundi wangu, ambaye hana habari na Ibn Battuta, aliniambia jambo lile lile kwa maneno mengine: ulaini wa pamba unatokana na kukosa mng'ao, na ulaini wa sateni unatokana na mng'ao uliotandazwa. Ile studio ya kwanza ilimfanya kukhu pamba. Au plastiki, niseme mimi.

Tena akanipa mfano ulionikaa. Sisi Wasamia tulijulikana kwa kufua chuma. Jembe la vilima vya Samia lilikwenda mbali na lilitolewa hata mahari. Jembe jipya, alisema, linamulika, linakuumiza jicho. Lilimie miaka mitatu. Udongo unalisugua mpaka mwanga hausimami tena mahali pamoja, unatanda kwenye bapa lote. “Uso wa mtu mzima ni jembe lililolimiwa,” akasema, na akawasha skana.

Tatizo la kwanza lilikuwa na kichekesho chake. Karatasi ya picha ile ni ya aina iliyotiwa vinundu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, ili uso wake ufanane na hariri. Kwa jicho ni nzuri. Kwa skana ni balaa: taa inapita upande mmoja, kila kinundu kinarudisha kimulimuli chake, na kukhu anatokea kwenye kioo kama aliyepigwa picha nyuma ya wavu wa mbu. Karatasi iliyotengenezwa ipendeze kwa ulaini ndiyo inayoleta ukwaruzo.

Fundi aliiskani mara moja. Akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaiskani tena. Kisha kwenye kompyuta akaisimamisha ile ya pili sawasawa, akailaza juu ya ya kwanza, akasogeza kidogo, kidogo tena, mpaka mboni ya jicho ikakaa juu ya mboni. Vimulimuli vya picha ya kwanza viliegemea upande mmoja wa kila kinundu, vya pili upande wa pili. Alipozichanganya nusu kwa nusu, vikapungua makali vyote. Wavu ukayeyuka na kukhu akasogea mbele. Nilitoa sauti. Yeye alikuwa ameshaanza kushughulikia doa.

Madoa na mkunjo yalimchukua saa nzima, na hapo sina mengi ya kusimulia: ni kazi ya kuokota mchele, chembe kwa chembe. Mara mbili nilimwonyesha alama akakataa kuigusa. Moja ilikuwa kovu dogo juu ya nyusi. “Hili si la karatasi, ni lake.” Alijuaje? Kwa sababu doa la karatasi halijui umbo la uso, linapita tu. Kovu linafuata mviringo wa mfupa.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe ulipoanza, na naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo nilipokaa nikasahau chai.

Ulaini wa uso hupotezwa na watu kwa sababu wanaufuta uso mzima kwa pamoja. Uso, machoni pa fundi huyu, ni picha mbili zilizolazwa pamoja. Moja imebeba vivuli vikubwa: shavu linavyopanda, shimo la jicho, upande wa pua usiopata mwanga. Nyingine imebeba vitu vyembamba: vinyweleo, mikunjo, punje za filamu, uzi wa kola. Kompyuta inaweza kuzitenga. Unatengeneza nakala iliyotiwa ukungu, hiyo ndiyo ya vivuli. Kisha unaitoa nakala hiyo kutoka kwenye picha ya awali, na kinachobaki ni vile vyembamba peke yake. Alinionyesha tabaka hilo la pili: kijivu kitupu, na juu yake uso wa bibi yangu umechorwa kwa mikwaruzo tu, kama mhuri kwenye nta. Alilifunga. Hakuligusa tena siku hiyo.

Kazi yote aliifanya kwenye lile tabaka la ukungu. Pale ambapo mwanga ulidondoka kwa ghafla kutoka paji la uso kwenda shimo la jicho, aliuwekea mteremko. Pale ambapo kemikali zilikuwa zimezeeka na kuacha kiraka cheusi shavuni, alikipandisha taratibu. Brashi yake aliiweka nguvu ya asilimia 3, wakati mwingine 2. Unapita, huoni kitu. Unapita mara ya kumi na tano, unahisi kuna mtu amefungua dirisha. Na kwa kuwa mikunjo na vinyweleo viko salama kwenye tabaka la juu, ngozi ilibaki ngozi. Hii ndiyo siri, kama kuna siri: ulaini uingie kwenye mwanga, usiingie kwenye ngozi.

Nikaona jambo ambalo yeye mwenyewe hana habari nalo. Alipokuwa akipunguza mwanga pembeni mwa picha, mkono wake wa kushoto, usioshika kipanya, uliinuka juu ya meza, vidole vikajikunja na kuacha tundu dogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndivyo walivyofanya gizani: mwanga wa mashine ya kukuza unapita kwenye tundu la ngumi na kuangukia pale tu panapotakiwa kukolea. Zana za Photoshop za kung'arisha na kukoleza bado zina alama ya kijiti chenye kiduara na ya mkono uliokunjwa vile. Vijana wengi hubonyeza alama hizo bila kujua ni mkono wa nani.

Kuhusu ngozi nyeusi alikuwa na la kusema, na alilisema kwa ukali kidogo. Ansel Adams na Fred Archer, Wamarekani waliogawa kijivu katika ngazi 11, kuanzia sifuri hadi 10, kama mwaka 1940, waliweka ngozi ya Mzungu kwenye ngazi ya 6. Kukhu anakaa kwenye 4, akipanda 5 penye mwanga. Mtu asiyejua anaona hilo ni kosa la kurekebishwa, anamvuta juu. Ndipo anapomuua. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa kivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini: visiwa hivyo vinne vya mwanga ndivyo vinavyojenga uso. Ukivifuta kwa sababu unadhani ni jasho au mafuta, umebaki na bapa jeusi. Ukiviacha vikali, umebaki na chuma kipya. Unavitandaza. Na sateni, ukifikiri vizuri, ni jina la ngozi yetu kabla haijawa jina la pambo lolote la picha.

Kwa hiyo hakumpandisha. Aliviacha vivuli vizito chini, ila akainua weusi wa mwisho kabisa kidogo usiwe shimo, akashusha weupe wa kola usipige kelele, na katikati akapapanua. Aliskani kwa biti 16, ngazi 65,536 za kijivu badala ya 256 za kawaida, kwa sababu uso wa kukhu umebanwa kwenye theluthi moja tu ya ngazi zote. Ukiunyoosha ukiwa na ngazi chache, mteremko wa shavu unakatikakatika kama matuta ya shambani.

Stima ikapotea. Kompyuta ilishikiliwa na betri yake ikilia piii, piii. Akahifadhi kazi, akazima, tukatoka nje kungoja. Pale barazani ndipo nilipouliza kuhusu soksi.

Gizani, alieleza, ukitaka picha iwe na ulaini, unaipitisha soksi chini ya lenzi ya mashine ya kukuza kwa theluthi ya muda wa kumulika, ukiichezesha ili alama zake zisionekane. Lakini soksi hiyo hiyo ina tabia mbili. Ukiiweka mbele ya kamera wakati wa kupiga, mwanga ndio unaovuja na kuingia kwenye giza, na mtu anakuwa kama ana nuru. Ukiiweka chini ya mashine wakati wa kusafisha, mambo yanapinduka, kwa sababu hapo ni negativu inayomulika: giza ndilo linalovuja na kuingia kwenye mwanga. Bibi harusi anatoka kama ana msiba. Alijifunza hilo kwa kuharibu harusi ya watu, na hakunieleza aliwalipaje.

Stima iliporudi akafanya kwa kompyuta kile ambacho soksi ilikuwa ikikifanya, ila sasa ana uhuru wa kuchagua. Nakala, ukungu mwembamba, kisha akaiamuru iangaze tu pale ilipo nyeupe kuliko iliyo chini yake. Asilimia 18. Akaifuta kabisa kwenye macho, kwenye kingo za mdomo na kwenye mshono wa kola. “Lazima pawe na mahali pakavu,” akasema. Macho makali katikati ya uso laini ndiyo yanayokuambia ulaini ni wa makusudi. Bila hayo mtazamaji anadhani kamera ilitikisika.

Nimewaza sana tangu siku ile kuhusu picha za zamani tunazozisifu kwa ulaini wao, na nadhani tunawasifu watu kwa jambo la nusu tu. Seydou Keïta wa Bamako alipiga kwa mwanga wa jua uani, kwa kamera kubwa yenye negativu ya sentimita 13 kwa 18, akachapa picha ndogo za ukubwa uleule, kijivu juu ya kijivu. Miaka ya 1990 negativu zake zilipokuzwa Ulaya kwa ajili ya kuta za maonyesho, zilitoka kubwa, weusi mzito na weupe mkali, na ulimwengu ukamjua hivyo. Ni nzuri, sikatai. Lakini mteja wake wa Bamako alikwenda nyumbani na kitu kingine. Kwetu Afrika Mashariki, Capital Art Studio ya Zanzibar iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh kule Mombasa, ziliwapiga picha watu wakiwa wamevaa vitambaa vyenyewe vya kuteleza, na mpiga picha alijua kwamba akimudu kuionyesha nguo, uso utajileta wenyewe. Ulaini ulianzia kwenye mahali pa kumkalisha mtu. Kizingitini, barazani, karibu na pazia jepesi. Kukhu aliyegeuzia uso wake mwanga aligeuzwa na mtu, na mtu huyo alifanya nusu ya kazi ambayo fundi wangu alikuwa akiimalizia miaka mingi baadaye. Fundi alilijua hilo. Kila mara alipomaliza hatua alisema, “Mwenzangu alianza vizuri.” Jina la mwenzake huyo halijaandikwa popote nyuma ya karatasi.

Tukafika kwenye kuchapa, ambako kazi nyingi nzuri hufia. Karatasi ya kung'aa aliikataa papo hapo. Ile isiyong'aa kabisa ilimeza weusi, na vivuli vizito vikawa shimo. Alichukua ya kati, ambayo pakiti yake, kwa kweli, imeandikwa sateni. Nakala ya kwanza ilitoka safi chini ya taa ya bomba. Akaipeleka mlangoni, na pale juani kukhu akawa na ukijani kama ameota kuvu. Printa ile hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi, na mchanganyiko unaotulia ndani ya nyumba hauna ahadi yoyote na jua la Busia. Alirudi, akaongeza wekundu kidogo. Nje. Akarudi, akapunguza. Nje. Nilihesabu nakala tano. Bei tuliyokuwa tumekubaliana asubuhi ilikuwa imekwisha kuliwa na karatasi, nikamwambia hivyo, naye akanijibu kwamba msibani watu hutazama picha uani, hawatazami ofisini kwake.

Ya sita aliikubali. Kijivu chenye joto kidogo, kama majivu ya kuni za asubuhi. Akaikatia pembe, akaifunga kwa gazeti, akanionya nisiikunje hata matatu ikijaa.

Shangazi alikuwa barazani akichambua maharagwe. Alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea. Hakusema kitu kwa muda, akaisogeza mbali kidogo na macho yake, akairudisha. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya paji la uso, pale mwanga ulipotanda, bila kuligusa.

“Alikuwa amejipaka samli,” akasema. “Siku hiyo tulimcheka. Alisema asipigwe picha akiwa na jivu.”

Akaniuliza kama lile kovu nalo lipo. Nikamwambia lipo. Akaitafutia ukuta mkabala na mlango, mbali na dirisha, akaniagiza nilete msumari.